Nilikaa miaka minne kwenye kamati ya wananchi ya kukagua pesa za kujenga shule huku California. Chai yenyewe hii hapa

#1 Mwana wa Ugweno (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa madarasa yaliyopasuka kuta nilisema nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya wananchi inayokagua pesa za kujenga shule huku ninakoishi. Nikaambiwa chai, yaani naongopa. Mmoja akauliza Mbongo gani atapewa kumkagua Mmarekani. Basi chai hii hapa, na maandazi juu. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza mjue shule za huku zinajengwaje. Serikali kuu ya Washington haijengi shule ya mtaani kwangu. Kila eneo lina wilaya ya elimu. Si ile ya mkuu wa wilaya kama nyumbani, ni mamlaka inayojitegemea, ina bodi iliyochaguliwa kwa kura na wakazi. Bodi ikitaka kujenga au kukarabati, inakwenda kwa wapiga kura na kusema: turuhusuni tukope dola milioni kadhaa. Wakikubali, inauza hatifungani, yaani hati za deni lenye riba, kwa wawekezaji, inapata pesa kwa mkupuo, na deni linalipwa mdogo mdogo kwa miaka 25 au 30 kupitia kodi ya nyumba, ile anayotozwa mwenye nyumba, si ya pango. Kwa hiyo anayelipa si "serikali". Ni jirani yangu, mzee mstaafu wa posta, ambaye wajukuu zake wanasoma jimbo lingine kabisa. Mpangaji naye anaikuta ndani ya kodi ya pango.

Mwaka 1978 wananchi wa California walipitisha kwa kura ya jimbo zima Hoja namba 13, ikaifunga kodi ya nyumba isizidi asilimia 1 ya thamani iliyosajiliwa. Baadaye ikaruhusiwa kuongeza kidogo juu yake kwa ajili ya kulipa madeni kama haya, lakini hadi theluthi mbili ya wapiga kura wakubali. Theluthi mbili si mchezo. Unapata asilimia 63 na bado umeshindwa. Paa zikavuja, watoto wakasomea kwenye vyumba vya muda vilivyokuwa vya muda kwa miaka ishirini.

Novemba 2000 ikaja Hoja namba 39 na kushusha kizingiti hadi asilimia 55. Cha kuchekesha, hoja hiyo ilipita kwa asilimia 53 na ushee, yaani kwa kipimo chake yenyewe ingeanguka. Ili watu wakubali kulegeza kamba, yakawekwa masharti. Orodha ya miradi itajwe kabla ya kura. Kila mwaka ufanyike ukaguzi wa hesabu na ukaguzi wa utendaji. Pesa isiguse mshahara wa mwalimu wala wa bosi, wala matumizi ya kawaida ya ofisi. Sheria iliyoambatana nayo ikaongeza kwamba ndani ya siku 60 tangu matokeo yaingie kwenye kumbukumbu za bodi, iundwe kamati ya wananchi.

Kamati ni watu wasiopungua saba: mmoja wa jumuiya ya wafanyabiashara, mmoja wa chama cha wazee, mmoja wa chama cha walipakodi, mzazi mwenye mtoto kwenye shule zile, na mzazi mwingine ambaye ni mchangamfu kwenye umoja wa wazazi na walimu. Waliobaki ni wakazi wowote. Mfanyakazi wa wilaya haruhusiwi, mkandarasi haruhusiwi, muuza vifaa haruhusiwi, mshauri haruhusiwi. Posho hakuna. Narudia kwa ajili ya waliozoea vikao vya nyumbani: hakuna. Hata soda. Maji nilibeba mwenyewe kwenye chupa.

Niliingia kwa kiti cha mzazi. Nilijaza fomu ya kurasa mbili, nikahojiwa dakika kumi, nikapitishwa. Nadhani walidhani mimi ni mtu wa kukaa kimya, mgeni, lafudhi nzito. Hawakujua Mpare anaweza kuuza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku.

Kikao cha kwanza kilikuwa kwenye maktaba ya shule ya msingi, saa kumi na mbili jioni. Viti ni vya watoto wa darasa la pili, unakaa magoti yanagusa kidevu. Mzee wa chama cha walipakodi alikuja na kikokotoo kile cha zamani cha kutoa karatasi, kinalia krrr krrr kila akijumlisha. Mkurugenzi wa fedha akatuwekea slaidi: picha za watoto wanatabasamu, duara lenye rangi nne, na jumla kuu. Dakika arobaini. Akauliza kama kuna swali.

Nikauliza ankara ziko wapi.

Kimya. Mzee akaacha kukokotoa. Mkurugenzi, kwa upole kabisa, akasema ziko ofisini na ni nyingi sana, zitatuchosha. Nikamwambia nitakuja kuchokea hukohuko. Ilichukua vikao viwili, yaani miezi sita, kukubaliana kwamba orodha ya malipo yote itumwe kwetu wiki moja kabla ya kikao. Sheria inaitaka wilaya itupe msaada wa kiofisi, na inataka kumbukumbu na nyaraka tunazopokea ziwekwe kwenye tovuti. Lakini sheria ikikaa kwenye kabati haikutumii barua pepe. Mtu lazima aombe, aombe tena, aonekane msumbufu.

Orodha ilipokuja, ukurasa wa 41, nikakuta mshahara. Ofisa mmoja wa ofisi kuu, asilimia 60 ya mshahara wake wa miezi sita imetozwa kwenye pesa za hatifungani. Hapa ndipo watu wanapojichanganya. Mwanasheria Mkuu wa California alitoa tafsiri mwaka 2004 kwamba mfanyakazi wa wilaya anaweza kulipwa na pesa hizi, lakini kwa kiasi kile tu anachofanya kazi ya kusimamia miradi ya ujenzi yenyewe. Kwa hiyo swali si "kwa nini kuna mshahara". Swali ni saa zake ziko wapi.

Nikaomba karatasi za saa za kazi. Zilikuja baada ya miezi mitano. Mwandiko mmoja, wino mmoja, mwezi hadi mwezi, kama mtu aliyekaa jioni moja akajaza nusu mwaka. Na mojawapo ilikuwa na tarehe 31 Novemba.

Novemba ina siku 30, wakuu.

Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyefungwa. Dola 38,000 na ushee zikahamishwa kutoka mfuko wa kawaida wa wilaya kurudi kwenye mfuko wa ujenzi, ikaandikwa mstari mmoja kwenye kumbukumbu za kikao, basi. Ndio ushindi wangu mkubwa wa miaka minne.

Maana kamati haina meno. Haisaini hundi, haichagui mkandarasi, haisimamishi kazi. Sheria yenyewe inasema lengo lake ni kuwajulisha wananchi jinsi pesa zinavyotumika. Tunaruhusiwa kutembelea majengo, kusoma ripoti za ukaguzi ambazo zinatakiwa zitufikie kabla ya Machi kuisha, na kutoa ripoti angalau mara moja kwa mwaka. Na mkaguzi huyo wa hesabu ameajiriwa na wilaya ileile anayoikagua, analipwa na wilaya. Miaka yote minne ripoti ilirudi haina hoja hata moja. Tarehe 31 Novemba hakuiona.

Shida nyingine ni umbali. Ankara tunayoisoma Machi ni ya zege lililomwagwa Juni ya mwaka wa nyuma. Unasoma "kazi ya ziada, dola 12,400, mtaro wa maji", unakwenda kuangalia, mtaro umefukiwa na nyasi zimeota. Unabaki kuangalia nyasi.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

#2 Kipanga Mweusi

Nimesoma yote. Naomba radhi, si chai. Ila hiyo ya 31 Novemba nimecheka mpaka bosi kaniangalia.

#3 Dada wa Kinondoni

Mleta uzi, kodi hiyo inamuumiza mtu kiasi gani? Isije kuwa mnalalamika kuhusu buku mbili.

#4 Mwana wa Ugweno

Dada, kwa wilaya kama yetu makadirio ya kila kura ya mkopo hayaruhusiwi kuzidi dola 60 kwa mwaka kwa kila dola 100,000 za thamani ya nyumba. Nyumba iliyosajiliwa kwa 500,000 ni dola 300 kwa mwaka. Ila angalia neno "kila kura". Wilaya ikirudi kwa wananchi baada ya miaka sita na mkopo mwingine, hizo zinapandiana. Kuna watu kwenye bili zao wana mistari minne ya madeni ya shule, mmoja wa chuo cha jamii juu yake.

#5 Ze Houston

Huku Texas nako wilaya za elimu zinakopa hivyohivyo kwa kura, lakini sheria ya jimbo hailazimishi kamati ya wananchi. Wanayo wanaotaka. Tulichopata sisi ni kwamba tangu 2019 karatasi ya kura ya mkopo wa shule lazima iandikwe kwa herufi kubwa kwamba HILI NI ONGEZEKO LA KODI YA NYUMBA. Watu wanaisoma wanashtuka, wengine wanaweka HAPANA bila kujua shule inahitaji nini.

#6 Fundi Mwiko

Mkuu nimekusoma. Sasa nisikilize na mimi, kwa sababu sisi tunazo kamati ambazo zina meno na bado.

Mwishoni mwa 2021 nilikuwa saiti, madarasa mawili ya sekondari ya kata, mkoa siutaji. Ni zile pesa za UVIKO, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila chumba, na kidato cha kwanza wa Januari 2022 waingie humo. Haraka haraka. Utaratibu ni wa fosi akaunti: mkandarasi hakuna, shule inanunua vifaa yenyewe, inaajiri fundi wa kawaida kama mimi. Kunakuwa na kamati tatu, ya manunuzi, ya ujenzi, na ya mapokezi. Wamo walimu na wananchi wa kijiji. Kwa hiyo usiseme hatuna wananchi. Wananchi ndio wanashika hela.

Ila mjumbe wa manunuzi ni shemeji wa mwenye duka la vifaa. Na kwenye mapokezi kuna mama anayetupikia sisi mafundi palepale saiti.

Lori la saruji lilikuja saa mbili usiku. Karatasi ya dereva inasema mifuko 200. Mimi nina tabia ya kuhesabu, nilifundishwa na marehemu mzee wangu, nachora chaki ukutani vijiti vinne na cha tano unakata. Nikapata 183. Nikajua nimekosea, nikaingia stoo na tochi ya simu nikahesabu tena ngazi kwa ngazi. 183. Asubuhi naangalia leja: "200, imepokelewa kamili", sahihi tatu, na mmoja wa waliosaini usiku ule alikuwa msibani kijiji cha pili.

Nikamuuliza mama yetu wa chakula. Akaniambia, mwanangu, mimi nina watoto wanne na sufuria hii. Nikikataa kusaini kesho atapika mwingine.

Sikumlaumu. Mpaka leo simlaumu.

Nondo nazo zimeandikwa milimita 12, zimekuja 10. Nilikataa kusuka lenta siku nzima. Jioni nikaambiwa wapo mafundi wengi. Nikasuka.

#7 Mwana wa Ugweno

Fundi, nimesoma hii mara tatu.

Unajua nilivyokuwa nawaza miaka yote minne? Kwamba dawa ni kuwapa wananchi meno. Sahihi kwenye hundi, kura ya kusimamisha malipo. Wewe unanionyesha watu wenye vyote hivyo. Huku sheria imenitenga na duka, sina shemeji anayeuza saruji, lakini pia sijawahi kuona mfuko hata mmoja ukishushwa. Kwenu mama yupo hatua tatu kutoka lori, anaona kila kitu, ila ugali wake unategemea asione. Sisi tuko mbali mno, ninyi mko karibu mno. Anayenunua, anayehesabu na anayekula pale wamekuwa mtu mmoja.

Zile chaki zako ni ukaguzi bora kuliko ripoti zote nilizosoma. Zilikuwa na saa, zilikuwa na mahali, na mhesabuji hakuwa mnunuzi. Zilikosa kitu kimoja, kuonekana na mtu wa nje kabla lori halijaondoka.

#8 Mama Wawili

Fundi Mwiko usituchafue wote. Mimi nilikuwa kamati ya ujenzi shule ya mtaa wetu mwaka 2022, tulijenga vyumba vitatu na chenji ikabaki. Kwa chenji tulipiga plasta ofisi ya walimu na kununua matanki mawili ya maji. Siri yetu ilikuwa mwalimu mmoja wa hisabati, kila Ijumaa anabandika karatasi kwenye mti wa mwembe ambapo wazazi wanapita kuchukua watoto. Kilichonunuliwa, bei, duka, baki. Wiki ya pili tu mzee mmoja akasema hii bei ya mchanga mmepigwa, mimi nauza kwa pungufu ya elfu thelathini kwa lori. Tukahama duka.

#9 Fundi Mwiko

Mama sijakuchafua. Nimesema saiti yangu.

#10 Msomi wa Mkopo

Niulize kimfumo. Kwa nini halmashauri zetu zisiuze hatifungani za shule kama huko? Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, waliuza ya maji mwaka 2024, shilingi bilioni 53.12, ipo soko la hisa la Dar, na watu walinunua zaidi ya ilivyotakiwa.

#11 Mwana wa Ugweno

Swali zuri. Maji yana bili. Mamlaka ya Tanga inakusanya kwa wateja kila mwezi, mwekezaji anaona riba yake itatoka wapi. Shule ya kata inakusanya nini? Ada ilifutwa. Huku deni limefungwa kwenye kodi ya nyumba inayobaki eneo lilelile, ndiyo maana jirani yangu wa posta ana uchungu nalo. Kwenu kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme.

#12 Dada wa Kinondoni

1,500 kila mwezi! Na mimi ni mpangaji! Mwenye nyumba hajui hata rangi ya tokeni. Sasa kama mimi ndiye mlipakodi wa jengo, kamati yangu ya kukagua iko wapi jamani?

#13 Kipanga Mweusi

😂😂 Dada ameamka.

#14 Mwana Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mwasema kamati, sisi tuna kamati za miradi za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo la mbunge, tangu kitambo, na mara nyingi mwenyekiti wake ni mpiga debe wa mheshimiwa. Lakini niwape moja ilofanya kazi. Kabla ya katiba ya 2010, shirika la MUHURI lilikaa na wakaazi wa Changamwe, likawafunza kusoma zile hati za CDF: hapa pameandikwa nini, kiasi gani, mradi uko wapi. Wakazunguka kwa miguu mradi baada ya mradi na karatasi mkononi, wakilinganisha karatasi na ukuta. Kisha wakaita baraza la hadhara, na mbunge akaja akaulizwa mbele ya watu. Hawakuwa kamati ya serikali. Hawakuwa na sahihi yoyote. Walikuwa na karatasi, viatu na kipaza sauti.

Kazi kubwa ilikuwa kuzipata hizo hati. Hapo ndipo watu husukumwa sukumwa.

#15 Msomi wa Mkopo

Mleta uzi, umesema kamati haina meno. Je, kuna siku kamati kama zenu zilisema hapana na ikasikika? Au yote ni kuandika mstari kwenye kumbukumbu?

#16 Mwana wa Ugweno

Ipo moja kila mjumbe huku anaisimulia, si ya kwetu, ni ya Los Angeles. Wilaya ya elimu ya pale ni ya pili kwa ukubwa Marekani nzima na kamati yake ina watu 15. Mwaka 2013 uongozi ulianza mpango wa kumpa kila mwanafunzi iPad, na pesa nyingi za mpango zilitoka kwenye hatifungani za ujenzi. Piga hesabu ya kijijini tu: deni linalipwa miaka 25, iPad inakaa mitatu minne. Mtoto anamaliza shule, anaoa, na bado analipia kioo alichokivunja darasa la nne.

Ndani ya kamati msanifu majengo mmoja akawa anauliza maswali hayohayo hadharani. Muda wake ulipoisha 2014, bodi ya elimu ikakataa kumrudisha. Kelele zikapigwa, magazeti yakaingia, bodi ikageuka ikamrudisha. Agosti ileile mkataba ukasimamishwa baada ya barua pepe kutoka hadharani, zikionyesha viongozi walikuwa wanaongea na kampuni kabla ya zabuni. Oktoba mkuu wa wilaya hiyo ya elimu akajiuzulu. Desemba FBI wakaja kubeba maboksi ya nyaraka. Mwishowe hakuna aliyeshtakiwa, nalisema ili mtu asije kusema nimeficha.

Kamati haikusimamisha mkataba. Ilifanya maswali yasife mpaka barua pepe zilipotoka.

Na kuna zilizopita bila kamati kuwa na la kusema. Poway, kaskazini ya San Diego, mwaka 2011 wilaya ilikopa dola milioni 105 kwa hatifungani za aina ambayo hulipi kitu miaka ya mwanzo, riba inalala juu ya riba. Malipo yanaanza 2033 na jumla inakaribia dola bilioni moja. Soma tena. Milioni 105, bilioni moja. Kamati inakagua matumizi ya pesa, si bei ya mkopo, kwa hiyo unaweza kukuta kila tofali limenunuliwa kihalali na risiti ipo, huku mjukuu ameshauzwa. Jimbo lilitunga sheria 2013: mikopo ya namna hiyo isizidi miaka 25, na jumla ya marejesho isizidi mara nne ya ulichokopa. Mara nne, na hiyo ndiyo nafuu.

Kusini ya hapo, wilaya ya elimu ya Sweetwater, wananchi walipitisha dola milioni 644 mwaka 2006. Baadaye viongozi kadhaa wakafikishwa mahakamani kwa kula na kusafiri kwa pesa za makandarasi, wengine wakakiri. Kamati ya wananchi ilikuwepo. Ila chakula cha jioni hakina ankara kwenye mfuko wa hatifungani, mkandarasi ndiye anayekilipa. Utakionea wapi?

#17 Ze Houston

Hapo kwenye chakula cha jioni umenigusa. Ndiyo maana nasema kamati bila mwendesha mashtaka ni kwaya.

#18 Mwana wa Ugweno

Kwaya ikiimba kila wiki mlangoni kwako utafungua hata kwa kuchoka.

Tume ya Little Hoover, chombo cha jimbo kinachoangalia utendaji wa serikali, ilisema tangu 2009 kwamba usimamizi wa kamati hizi haulingani, kwingine ziko makini na kwingine zinagonga muhuri. Nilichokiona mimi ni kwamba tofauti mara nyingi inaletwa na mtu mmoja au wawili tu wasioona aibu kuuliza. Kwetu alikuwa mzee wa kikokotoo. Alifariki mwaka wa tatu. Kiti chake kilikaa wazi miezi saba, wilaya haikuwa na haraka ya kukijaza, na vikao viwili vikaahirishwa kwa kukosa akidi. Pesa za ujenzi hazikuahirishwa.

#19 Fundi Mwiko

Mkuu, nina kazi mpya. Sekondari ya kata, mabweni mawili, fosi akaunti hiyohiyo. Tunaanza Jumatatu. Nimekuwa nasoma uzi huu usiku na mke wangu. Nipe kitu cha kufanya ambacho hakitanifukuzisha.

#20 Mwana wa Ugweno

Fundi, sitaki nikae California nikuponze. Usigombane na mtu, usimtaje mtu. Chukua karatasi moja ya manila, piga mistari, bandika mlango wa stoo kwa nje. Safu sita: tarehe na saa, namba ya gari, kilichoandikwa, kilichohesabiwa, aliyehesabu, aliyelipa. Mwambie mkuu wa shule ni ya kukusaidia wewe usiibiwe vifaa usiku, maana ukiibiwa lawama ni ya fundi. Ni kweli pia. Na mhesabuji awe mtu asiye na kazi pale: mzazi anayepita, mwenyekiti wa kitongoji, mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua kujumlisha.

Mama Wawili, ule mwembe wa mwalimu wa hisabati, karatasi ilikuwa inakaa siku ngapi bila kuchanwa?

#21 Mama Wawili

Mara mbili ilichanwa. Akawa anabandika nakala tatu, moja dukani kwangu, moja msikitini, na kanisani wanaisoma kwenye matangazo. Wakaacha kuchana.

#22 Dada wa Kinondoni

Nipo pale nimekaa, nasubiri mrejesho wa Fundi.

#23 Fundi Mwiko

Mrejesho.

Karatasi nimebandika, tena nimeifunika nailoni kwa ajili ya mvua. Lori la kwanza kokoto, hakuna neno. La pili saruji 150, kidato cha nne wawili wamehesabu 150, sawa kabisa, dereva mwenyewe akacheka akasema leo mmeamka. Mtendaji alipita jana jioni, akasimama pale mlangoni muda mrefu, akauliza hii safu ya mwisho ya aliyelipa ni ya nini. Nikamwambia sijui mheshimiwa, nimeikuta kwenye mfano. Akasema tutaongea.

Nondo zinaingia kesho saa nne. Nimeazima kipimo kile cha milimita cha fundi gereji. Nikipata bando nitawaambia.